Uhakiki wa Adada Abiba

Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya duka la Umuro, gazeti limetandazwa juu ya gunia la sukari, upepo wa Agosti ukizivuta kurasa kama mtu anayetaka kuninyang'anya. Jina langu lilikuwa pale chini, kwa herufi nene kama kawaida: U. Wako, Isiolo. Maneno yaliyokuwa juu yake sikuyajua. "Riwaya hii ya kusisimua," yalisema, "inatufikisha Kaskazini kwa mkono wa mwandishi anayewapenda watu anaowaandika." Nilisoma hadi mwisho, nikarudi mwanzo, nikidhani labda makala ya mtu mwingine imetiwa jina langu kwa bahati mbaya. Kisha nikakutana na sentensi yangu mwenyewe, ile ya kwanza, inayotaja idadi ya kurasa na jina la mchapishaji. Hiyo walikuwa wameiacha. Nyingine zote walikuwa wamezing'oa na kupanda zao.

"Kuna kifo?" Umuro aliniuliza kutoka ndani ya duka, maana nilikuwa nimejishika kifua.

"Hapana," nilisema.

Nikalikunja gazeti, nikashika njia ya nyumbani. Njia nzima niliwaza jambo moja tu: shangazi yangu Abiba alikuwa ameketi uani akilingoja gazeti hilo. Alikuwa amelingoja wiki tatu.

*

Ukurasa ule wa vitabu nilikuwa nimeupata kwa hasira.

Mwaka wa 1978 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Wabera, mwanamke wa miaka ishirini na sita mwenye ulimi mkali kuliko mshahara. Mwalimu mwenzangu aliniazima riwaya ya upelelezi. Katika sura ya nne, mpelelezi anashuka kwenye garimoshi katika stesheni ya Isiolo, koti jeupe begani. Nilisoma hapo mara tatu. Reli haijawahi kufika Isiolo. Inakomea Nanyuki, na mwenye macho anaweza kwenda kuiona ilipokatikia. Niliandika barua kwa gazeti moja la Kiswahili la Nairobi, gazeti ambalo limekufa zamani, nikauliza kama mwandishi huyo angethubutu kuzua reli ya kwenda Machakos akitegemea kwamba hakuna mtu wa huko anayesoma. Mhariri aliichapisha barua nzima. Kisha akaniandikia mwenyewe: je, ningependa kupokea hadithi mpya na kuzitolea maoni kila baada ya wiki mbili?

Bahasha za kahawia zikaanza kuja posta. Sijui nieleze vipi ilivyokuwa. Katika mji ule, kitu kilichotoka Nairobi kilikuwa amri, au mwalimu mgeni aliyelia akitaka uhamisho. Na sasa vilikuja vitabu vinavyonuka wino, kurasa zake bado zimegandana pembeni, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza kuzitenganisha. Zilikuja riwaya za mapenzi, za majini, za polisi na majambazi, za wafalme wa kale. Mara moja kilikuja kitabu kuhusu watu waliohamia nyotani. Nilivipokea vyote kama mtu aliyekuwa na kiu bila kujua.

Nilianza kwa kusoma peke yangu. Ni Adada Abiba aliyenikatiza. Adada ndivyo sisi Waborana tunavyomwita dada ya baba. Alikuwa ametoka Korbesa, kando ya Ewaso Nyiro, mwaka wa 1970 na sanduku moja la bati, akaja kukaa nasi, na nilipoanza kazi akahamia kwangu. Siku moja alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unakaa na hiyo kitabu kama imekuoa," alisema. "Inasema nini?"

Basi nikamsomea. Baada ya siku mbili akaja na Akiru, jirani yetu Mturkana, mpishi wa shule yetu, ambaye hakuweza kuketi bila kazi na kwa hiyo alibeba ungo wa maharagwe ya kesho. Tangu hapo ikawa desturi. Baada ya swala ya alasiri tulitandika mkeka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Mimi nilisoma, wao walihukumu.

Hawakuwa na huruma. Adada alipenda za polisi, na kufikia sura ya tatu alikuwa ameshamtaja muuaji, na ni mara mbili tu katika miaka mitano alipokosea. Mara zote mbili alisema mwandishi ndiye aliyekosea. Akiru hakuvumilia riwaya za mapenzi. "Hii mtu amelia kwa barua tatu," alisema kuhusu bwana mmoja wa Mombasa. "Kazi anafanya saa ngapi?" Tulipofika kwenye watu wa nyotani, Adada alininyamazisha kwa mkono, akafikiri, kisha akauliza kwa dhati kabisa, "Na huko wanaswali wakiangalia wapi?" Nililiandika swali hilo katika makala yangu. Mhariri aliniambia barua ishirini zilikuja kwa sababu yake, nyingine kutoka kwa mashehe.

Ni lazima niseme hapa jambo ambalo sikulisema wakati ule. Yale maneno niliyasaini mimi. Wasomaji walimsifu U. Wako kwa jicho lake kali na utani wake mkavu, na nusu ya jicho hilo ilikuwa ya mwanamke asiyejua kusoma na nusu ya utani ilikuwa ya mpishi. Niliona ni kawaida. Hata Adada na Akiru hawakuniuliza.

*

Riwaya yenyewe ilifika Julai ya 1983. Ilikuwa nene, jalada linang'aa, limechorwa mwanamume mwenye darubini na ngamia nyuma yake. Mwandishi alikuwa mtu mzito huko Nairobi. Matangazo ya kitabu yalikuwa yameanza kabla ya kitabu. Kilihusu Kaskazini yetu miaka ya sitini, wakati wa vita vya serikali na waasi waliotaka kujitenga, na shujaa wake alikuwa afisa kijana aliyetumwa kuleta amani.

Sura nane za mwanzo zilikuwa za risasi na mbio. Adada alizifurahia kiasi. Katika sura ya tisa, afisa anafika kwenye kambi kando ya Ewaso Nyiro, mahali watu wamekusanywa ndani ya uzio wa waya. Wanawake wanachota maji wakiimba. Watoto wamenenepa. Ajuza mmoja anambusu afisa mkono na kumshukuru kwa ule uzio, kwa maana sasa wanalala bila kuogopa fisi.

Niligundua kwamba Akiru ameacha kuchagua maharagwe.

"Rudia," Adada alisema.

Nikarudia.

"Rudia hapo kwa waya."

Nikasoma tena mistari ile mitatu. Nilikuwa mjinga kiasi cha kudhani amependezwa. Miaka ile, ambayo watu wetu huiita Daba, yaani kusimamishwa, mimi nilikuwa shule ya bweni. Nililala kitandani, nikala uji, nikajifunza majina ya mito ya Ulaya. Nilijua kwamba Adada alikuwa kambini na kwamba alikuwa na binti aliyekufa "kwa ugonjwa." Hivyo ndivyo ilivyosemwa nyumbani, na sikuwahi kuuliza zaidi.

"Hiyo waya haikuwa ya fisi," Adada alisema. Alisema bila kupandisha sauti, akitazama mkeka. "Ilikuwa ya sisi. Ngamia walibaki nje. Walipigwa risasi huko nje, na sisi tunaangalia. Mimi nilikuwa najua kila ngamia ya baba yako na jina yake. Bunduki inalia, nataja jina. Inalia tena, nataja ingine. Mpaka nikaacha kutaja."

Kuku alipita kati yetu, akadonoa haragwe moja, akaenda.

"Halafu surua ikaingia. Dahabo yangu alikuwa na miaka minne. Alikufa jioni, lango ikiwa imefungwa. Nikaenda kwa askari. Nikamwambia, niko na maiti ya mtoto, nataka kumzika mbele ya jua kuzama. Akasema, lango ni kesho. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anasema duka imefungwa." Alinyoosha mguu mmoja kwa shida. "Nikakaa na yeye mpaka kesho."

Akiru alikuwa ameuweka ungo chini. Yeye hakuwa wa watu wetu, na miaka ile watu wake na wetu hawakuketi mkeka mmoja. "Mimi nilikuwa hapa mjini," alisema pole pole. "Tuliambiwa nyinyi mnapewa chakula ya bure. Tulisema mko na bahati." Akajifuta mikono kwenye nguo, ingawa haikuwa michafu.

Adada alinigeukia. "Huyo mama wa kitabu, huyo anashukuru waya. Ako na jina?"

"Hana. Ameitwa ajuza tu."

"Mimi niko na jina. Andika."

Niliandika siku mbili. Sijawahi kuandika vile tena, na wala sitajifanya mnyenyekevu kuhusu jambo hilo. Nilisema kwamba mwandishi ana haki ya kubuni mtu, lakini hana haki ya kuwachukua watu walio hai, kuwavua midomo, na kuwavisha shukrani. Kisha nikaweka maneno ya Adada kama alivyoyasema, pamoja na lango na kesho yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano niliandika kwamba maneno hayo si yangu. Niliandika: Abiba, wa Korbesa, mama wa Dahabo. Nikatia bahasha, nikapeleka posta, nikabaki na nakala ya kaboni.

Na wiki tatu baadaye, nje ya duka la Umuro, nikasoma kwamba mwandishi anawapenda watu anaowaandika.

*

"Imetoka?" Adada aliuliza nilipoingia uani.

"Imetoka."

"Soma."

Nilikunjua gazeti. Nimejiuliza miaka mingi kama kilichonishika ni woga au huruma, na bado silipendi jibu lolote kati ya hayo mawili. Makala yangu nilikuwa nayo kichwani, neno kwa neno. Nikaziangalia zile sentensi za uongo, nikayasema maneno yangu. Nilipofika kwenye jina lake, alifumba macho. Nilipofika kwenye jina la Dahabo, aliniomba nirudie, nami nikarudia, nikihakikisha kwamba macho yangu yanatazama pale pale nilipokuwa nimetazama mara ya kwanza.

"Sasa watu wamejua," alisema. Akalichukua gazeti, akalikunja mara nne, akalitia ndani ya mtandio.

Sikufikiri kwamba atatoka nalo. Lakini Ijumaa iliyofuata alitoka nalo, akalipeleka kwa Raho, mwanamke wa Kisomali aliyeuza vitambaa karibu na msikiti, mtu aliyesoma hadi darasa la saba na kujivunia kila darasa. Akamwambia, hebu soma hapa, soma kwa sauti, niko ndani yake. Wanawake wengine watatu walikuwa dukani wakipima kitambaa. Raho akasoma. Alisoma yaliyokuwepo.

Adada alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Ulinisomea nini?"

Nikamweleza yote. Nilimwonyesha kaboni. Nilimwambia kwamba nilichosoma ni maneno yake ya kweli.

"Haikuwa kwa karatasi," alisema. "Huyo mwanaume wa Nairobi alitoa maneno yangu. Wewe ukanifunika macho nisione ametoa. Nani mbaya?"

Akaingia ndani, nikasikia sanduku la bati likifunguliwa. Alitoka na vazi lake la Idi mkononi.

"Nipeleke kwake."

*

Mhariri alikuwa mwembamba, mpole, mwenye wino kwenye kola. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, na Adada alipanda ngazi zile bila kushika ukuta. Tulikuwa tumetoka Isiolo alfajiri; barabarani tulishushwa basini mara mbili kuonyesha vitambulisho, sisi wenye sura za Kaskazini tu, abiria wengine wakitusubiri kwa kuchoka. Kufikia pale nilikuwa nimeiva kwa hasira.

Alituagizia chai. Akasema anasikitika. Akasema mwandishi ni mtu mkubwa, na wachapishaji wake wana tangazo la nusu ukurasa kila mwezi, na mwaka huu si mwaka wa kuandika mambo ya kambi na waya, mwalimu, wewe ni mtu mzima, unaelewa.

"Basi ungeuacha ukurasa mtupu," nilisema. "Ungeandika hakuna maoni wiki hii. Ungeweka jina lako. Kwa nini jina langu?"

Alitazama chai yake. Nadhani alikuwa mtu mkweli aliyeajiriwa mahali pabaya, kwa sababu alinijibu.

"Kwa sababu wasomaji wanajua U. Wako hasifu ovyo."

Nilisimama. Sijui nilikuwa nataka kufanya nini. Miaka mitano nilikuwa nimejenga kitu kidogo, sentensi kwa sentensi, kutoka mkeka wa uani Wabera: kwamba kuna mtu huko mbali anayesema kitabu kibaya ni kibaya. Kumbe walikuwa wakikiwekea akiba, wakitumie siku watakapohitaji uongo unaoaminika.

Adada alinivuta nikae. Kisha akamgeukia mhariri.

"Hii kitabu ni ya kweli ama ya uongo?"

"Ni riwaya, mama," alisema kwa upole. "Riwaya ni mambo ya kubuni. Haimsemi mtu yeyote."

"Mto ni wetu," Adada alisema. "Jina ya mto ameweka ile ile. Hata njia ya kwenda Merti ameweka vile iko. Amebuni sisi peke yetu?"

Nje, gari lilipiga honi muda mrefu.

"Nataka karatasi yangu," Adada alisema.

Mhariri alielewa. Alifungua mtoto wa meza, akatoa makala yangu, mwandiko wangu, penseli nyekundu imepita kutoka pembe hadi pembe. Adada aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, na chai yake akaiacha pale ilipopoa.

Wiki mbili baadaye, chini ya tangazo la sabuni, gazeti lilichapisha mstari mmoja: maoni ya vitabu katika toleo lililotajwa hayakuandikwa na U. Wako. Adada alimpa Raho amsomee, si mimi. Bahasha za kahawia hazikuja tena. Mwaka uliofuata riwaya ikachapishwa upya, na nyuma ya jalada, kwa herufi za dhahabu, ikasemwa kwamba mwandishi anawapenda watu anaowaandika, na chini yake: U. Wako, Isiolo. Niliwaandikia wachapishaji barua nne. Hawakujibu hata moja.

*

Januari ya 1984 Adada alijiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima, si katika shule yangu bali Chechelesi, kwa mwalimu mmoja aitwaye Lomuria. Nilijitolea kumfundisha mwenyewe nyumbani. Nilikuwa mwalimu, ndiyo kazi niliyoijua.

"Hapana," alisema. "Wewe unajua kusoma kitu haiko."

Alikwenda mwaka ule mzima wa ukame, mifugo ikianguka kila upande na vumbi likifika magotini, daftari limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilipomsalimu alinijibu. Nilipompakulia alikula. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu kati yetu, na mkeka ulikaa umekunjwa nyuma ya mlango. Akiru alikuwa akinipa habari jikoni shuleni. "Ngoja tu, mwalimu," aliniambia. "Juzi ameandika jina ya mtoto kwa majivu ya jiko yangu. Yote. Hakukosa."

Mwaka wa 1986, mvua zilipokuwa zimerudi, Adada alikuja chumbani kwangu akiwa amevaa miwani aliyonunuliwa na Raho.

"Ile kitabu iko wapi?"

Hakutaka nimwonyeshe sura ya tisa. Alianza ukurasa wa kwanza, kidole kikitambaa chini ya maneno, midomo ikisogea. Alisoma jua linapopungua ukali, siku zote mahali pale pale, kwenye kivuli cha ukuta. Mimi niliketi kando na madaftari ya wanafunzi, nikisahihisha hesabu ambazo nilikuwa nimeshazisahihisha. Risasi na mbio zilimchukua miezi mitatu. Sura ya tisa aliisoma siku mbili. Siku ya pili alifika mwisho wake, akaweka kidole pale.

"Ni mbaya kuliko vile ulisoma," alisema.

Nilikuwa sijaongeleshwa hivyo miaka mitatu. "Nilisoma kama kilivyoandikwa, Adada. Siku ile sikubadilisha hata neno."

"Najua." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Lakini uko na sauti nzuri. Ulikuwa unamsaidia huyo mwandishi."

Akalamba kidole, akafungua sura ya kumi.